Kigoma, Mwisho wa Reli

Mtu wa Kigoma akiulizwa kwao ni wapi, aghalabu hujibu kwa maneno matatu tu: mwisho wa reli. Nchi nzima inalielewa jibu hilo. Kwa mkazi wa Dar es Salaam maana yake ni mbali, mbali sana, mahali ambapo zamani ilisemekana mtumishi hupelekwa pale mkubwa wake anapomchoka. Kwa mtu wa ziwani, lakini, maana ni kinyume kabisa. Yeye hutazama reli kutoka upande wa maji, na kwake reli haiishii hapo. Inaanzia hapo.

Mahali penyewe ni rahisi kupaona. Barabara ya Lumumba, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mji, huteremka kutoka Mwanga chini ya miembe mikubwa yenye kivuli kizito, ikipita maduka, ofisi na vibanda vya wauza maembe na dagaa, na inapokaribia kukutana na ziwa jengo la stesheni humsimamia msafiri mbele ya macho. Ni jengo jeupe, pana, la orofa mbili, lenye matao kwa chini na paa la mteremko kwa juu. Nyuma yake ziko njia za treni, na hatua chache zaidi kuna bandari na maji ya Ghuba ya Kigoma. Siku ya hewa safi milima ya Kongo huonekana ng'ambo, kama wingu lililosahau kuondoka. Jua la huko halifuati saa ya Dar es Salaam. Mji huo uko magharibi kiasi kwamba jua huchwa takriban dakika 40 baada ya kuchwa pwani, ingawa saa za ukutani husema jambo moja kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho wake.

Ndugu msomaji huenda akajiuliza kwa nini jengo kubwa namna ile likawekwa mahali ambapo, wakati linajengwa, hapakuwa na mji wa kulistahili. Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko kilomita chache kusini, Ujiji.

Kabla ya reli, Ujiji ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupita Ugogo na Tabora iliishia hapo baada ya mwendo wa miezi mitatu au zaidi, kwa miguu, mizigo vichwani. Pembe za ndovu na watumwa walishuka kuelekea pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipanda kuja bara. Ndipo mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ujiji ilikuwa na soko, misikiti, na wenyeji wenye kukijua Kiswahili cha pwani kama mtu wa Pangani. Kilichokosekana ni jambo moja tu, kina cha maji. Ufuko wa Ujiji ni wa taratibu na wa mchanga, na katika miaka ya 1870, mto Lukuga ulipozibua njia yake upande wa Kongo, ziwa lilianza kushuka na kuuacha mji nyuma. Mtumbwi hauna shida na ufuko kama huo. Meli ya chuma ina shida nao. Kigoma, kwa upande wake, ina ghuba yenye kina na iliyokingwa na upepo. Mhandisi akitafuta mahali pa kuunganisha reli na meli, hawezi kusitasita kati ya pande hizo mbili. Hivyo kalamu ikapiga mstari kuelekea Kigoma, na Ujiji, mji wa wazee, ukaanza kuishi kwa kumbukumbu zake.

Kazi ya Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule ambao vita vya Maji Maji viliwaka kusini. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na tarehe 1 Februari 1914 chuma kikagusa Kigoma, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka baharini. Kampuni iliyojenga ni Philipp Holzmann ya Frankfurt. Vipande vingi vya kazi vilikabidhiwa kwa wakandarasi wadogo, wakiwamo Wagiriki, ambao baadhi yao walibaki nchini na baadaye wakawa wenye mashamba. Lakini waliochimba, waliobeba, waliotandika mataruma na kugonga misumari walikuwa Waafrika, maelfu kwa maelfu, na miongoni mwao Wanyamwezi walikuwa wengi. Watu hao walikuwa na desturi ya safari ndefu tangu enzi za misafara, na sasa wakajikuta wakijenga kitu ambacho kingeufuta upagazi waliokuwa wakiuishi baba zao.

Mataruma yenyewe yalikuwa ya chuma. Mbao zingeliwa na mchwa kabla ya treni ya kwanza kupita. Upana wa njia ni mita moja, kipimo chembamba kinachopunguza gharama na kuruhusu kona kali, na ndicho kipimo kilichotumika Kenya na Uganda pia. Kutoka Tabora, iliyo kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, reli hushuka taratibu hadi ziwani, karibu mita 770. Hupita nchi ya miombo ya Urambo na Kaliua, huvuka mto Malagarasi na mabwawa yake, huigusa Uvinza yenye chumvi iliyochemshwa na watu kabla hata mgeni hajaja, kisha huteremka Kazuramimba na Luiche. Msafiri aliyelala usingizi wa mang'amung'amu usiku kucha huamshwa na harufu ya maji.

Stesheni nyingi za njiani ni ndogo na hazina majivuno. Ni nyumba ya chini, chumba cha stesheni masta, dirisha la tikiti, kibaraza, na nyumba chache za wafanyakazi. Zilikuwapo kwa sababu injini ya mvuke hunywa maji kama ng'ombe, na kwa sababu njia ni moja tu: treni mbili zinazoelekeana lazima zipishane mahali penye njia ya pembeni, na lazima awepo mtu wa kuziruhusu. Stesheni masta wa porini alikuwa mtu wa kuaminiwa kupita kiasi. Kosa lake moja la neno lingeweza kuua mamia.

Kigoma si hivyo. Hapo Wajerumani hawakujenga kwa haja ya siku ile. Walijenga kwa haja ya nchi waliyoitamani. Ng'ambo ya ziwa ilikuwapo Kongo ya Wabelgiji yenye shaba na mpira. Kaskazini zilikuwapo Burundi na Rwanda zenye watu wengi, wakati huo zikiwa ndani ya himaya yao. Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Viktoria tangu mwaka 1901 na kuyavuta mazao hadi ya upande wa Wajerumani yapitie Mombasa. Kigoma ilikusudiwa kuwa jibu. Jengo la stesheni, kwa maana hiyo, ni barua iliyoandikwa kwa mawe na chokaa, na waliokusudiwa kuisoma hawakuwa wakazi wa Kigoma.

Tulitazame jengo lenyewe kwa utulivu. Matao ndiyo humkamata mtu kwanza. Tao si jambo geni kwetu. Msikiti mkuu wa Kilwa ulisimama juu ya matao karne nyingi kabla ya Mjerumani. Tao hufanya kazi ambayo boriti ya mti haiiwezi, maana hulichukua zigo la ukuta wa juu na kulisukuma pembeni na chini, kutoka jiwe hadi jiwe, mpaka likafika ardhini. Kwa hiyo orofa nzito inaweza kukaa juu ya nafasi zilizo wazi. Na nafasi hizo zikiwa wazi, hewa ya ziwa hupita na abiria hupata kivuli. Kuta ni nene na zimepakwa rangi nyeupe, na ukiweka kiganja juu yake mchana wa jua kali utashangaa kukuta ukuta umepoa. Paa la mteremko ni jawabu la mvua, ambazo huko huanza Oktoba na huenda hadi Mei, wala hazinyeshi kwa kubembeleza. Hakuna pambo la kupoteza. Uzuri wote uko katika urari: upande wa kulia unaitikia upande wa kushoto, na safu ya juu inaitikia safu ya chini.

Mwandishi wa makala haya ameona stesheni kadhaa za reli hiyo na angethubutu kusema kwamba hakuna nyingine iliyopatiwa mahali pazuri hivi. Stesheni ya Dar es Salaam imezongwa na mji. Ya Tabora imetulia katika uwanda. Ya Kigoma imewekewa mlima mgongoni na ziwa miguuni, na barabara nzima ya miembe inaielekea kama njia ya kwenda ikulu. Ni haki kulisifu jengo, na ni haki pia kukumbuka lilimlenga nani. Mtu wa Buha aliyeteremka kutoka milima ya Kasulu mwaka 1914, hajapata kuona nyumba ya orofa maishani mwake, hakukusudiwa kufurahia urari wa matao. Alikusudiwa kujiona mdogo.

Furaha ya wenye reli haikudumu miezi saba. Maonyesho makubwa ya kusherehekea reli yalikuwa yamepangwa Dar es Salaam Agosti 1914, na mwezi huo huo vita vikuu vikazuka Ulaya. Basi kazi ya kwanza kubwa ya mwisho wa reli ikawa ya vita. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilikuwa imefunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Hapo iliungwa upya na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Hebu fikiri: meli nzima, yenye urefu wa mita zaidi ya 70, imepita Dodoma na Tabora ikiwa ndani ya mabehewa! Baadaye ikapewa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika mto Rufiji, na mzinga huo nao ulikuja ziwani kwa njia hiyo hiyo ya chuma.

Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilirusha mabomu juu ya bandari ya Kigoma. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yakikaribia, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, lakini kwanza wahandisi waliipaka mitambo yake grisi tele, kwa matumaini kwamba wangerudi kuichukua. Hawakurudi. Wabelgiji waliiteka Kigoma siku chache baadaye, na Septemba wakaingia Tabora. Meli iliinuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la kale la sehemu ya kusini ya ziwa. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Kwa miaka mingi iliyofuata, ratiba ya treni na ratiba ya Liemba zilikuwa kama mume na mke: mmoja akichelewa, mwingine husubiri huku akinung'unika.

Mkataba wa mwaka 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo, Rwanda na Burundi zipite bila kudaiwa ushuru. Faranga moja! Kwa lugha ya mkataba, upangaji huo haukuwa na mwisho. Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika huru haitajihesabu kufungwa na mkataba ambao mtawala aliukubali kwa niaba ya watu wasioulizwa. Wanasheria wa nchi nyingine bado hufundisha msimamo huo vyuoni. Watu wachache wanaopanga foleni ya tikiti Kigoma wanajua kwamba sehemu ya hoja hiyo iliwekwa juu ya ardhi iliyo jirani na miguu yao.

Lakini historia ya stesheni si historia ya mikataba na mizinga peke yake. Kuna jambo ambalo halikuandikwa ukutani, nalo ndilo hasa linalowaunganisha watu wa Kigoma na jengo hilo: manamba.

Wakati wa utawala wa Waingereza, wilaya za Kigoma, Kasulu na Kibondo zilihesabiwa kuwa ghala la nguvu kazi. Barabara hazikujengwa kwa bidii huko, wala zao la biashara halikuhimizwa kama Kilimanjaro au Bukoba. Kodi, hata hivyo, ilidaiwa. Mtu asiye na zao la kuuza na mwenye kodi ya kulipa hana cha kuuza isipokuwa mikono yake. Mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Kilosa yaliihitaji mikono hiyo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuwaandikisha vibarua, SILABU, na maelfu ya vijana wa Kiha walifungwa mkataba, wakapewa namba, na kupandishwa treni. Namba hiyo ndiyo iliyozaa jina. Kijana aliondoka nyumbani akiitwa kwa jina la babu yake, akafika shambani anaitwa kwa tarakimu.

Treni iliwashusha waliokwenda Kilosa na Morogoro jirani na mashamba yao. Waliokwenda Tanga iliwabidi wamalizie safari kwa barabara, kwa sababu Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa hadi mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi. Wengine walirudi baada ya mkataba, na sanduku la bati, blanketi na baiskeli. Wengine walifunga mkataba wa pili na wa tatu. Wengine hawakurudi kabisa. Leo ukienda Korogwe, Muheza au Kilosa utawakuta wajukuu zao, wanasema Kiswahili cha Tanga, na Kigoma kwao ni jina tu alilolitaja bibi. Familia ngapi za Buha zina mtu wa namna hiyo, ambaye habari yake ya mwisho ni kwamba alionekana akipanda behewa? Ukumbi ule wa matao ulikuwa mlango wa kutokea, na wengi walioupita hawakupata kuutazama mara ya pili.

Mpangilio wa safari nao ulikuwa na daraja zake. Daraja la kwanza, la pili na la tatu zilikuwapo kwa bei, lakini katika zama za ukoloni kila mtu alijua bei hizo zina rangi: Mzungu mbele, Mhindi katikati, Mwafrika nyuma kwenye viti vya mbao. Mishahara na nyumba za wafanyakazi wa reli zilifuata mkondo huo huo. Si ajabu, basi, kwamba wafanyakazi hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujifunza nguvu ya umoja. Mwaka 1960, chini ya chama chao kilichoongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Mgomo huo ulihesabiwa miongoni mwa mirefu kupita yote iliyopata kutokea nchini. Mtu akitaka kujua Uhuru ulipita njia gani, asiusahau reli.

Baada ya Uhuru, shirika la reli lilikuwa la pamoja baina yetu na Kenya na Uganda, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli Tanzania likazaliwa. Miaka hiyo Kigoma ilikuwa na shughuli nyingi. Kahawa ya Burundi ilishuka, saruji na mafuta vilipanda. Wakimbizi nao walikuja, mara kwa mara, kila moto ulipowaka ng'ambo, kutoka Burundi na kutoka Kongo, na mji huo mdogo ukajifunza kazi ambayo miji mikubwa ya dunia imeshindwa kujifunza, ya kumpokea mtu asiye na kitu. Mwaka 2015 Liemba, ikiwa na miaka mia moja, ilikuwa bado ikiwachukua Warundi kutoka kijiji cha Kagunga na kuwaleta Kigoma.

Kisha reli ilidhoofika. Injini zilizeeka, tuta lilimomonyoka, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliichukua njia kati ya Kilosa na Gulwe. Mkataba wa kukodisha uendeshaji kwa kampuni ya nje, ulioanza mwaka 2007, haukudumu. Barabara za lami zikaanza kuwachukua abiria mmoja mmoja. Zilikuwapo siku ambazo ubao wa ratiba ulikuwa pambo, na msafiri aliyeuliza treni inaingia saa ngapi alijibiwa kwa upole, "Ikifika utaiona, mama."

Hata hivyo, abiria wa treni hawajawahi kwisha, na sababu ni mizigo. Basi haliwezi kubeba kile ambacho mama wa Kigoma anakusudia kubeba. Siku ya treni, kabla jua halijapanda, mikokoteni huteremka chini ya miembe ikiwa imejaa madumu ya mawese, magunia ya dagaa na migebuka iliyokaushwa. Wachukuzi huhesabu, hubishana, huhesabu tena. Njiani treni hugeuka kuwa soko linalotembea. Uvinza hupanda chumvi, Tabora hupanda asali, na usiku au mchana wa Saranda, ng'ambo ya Manyoni, hakuna abiria mwenye senti anayevumilia kuupita ule kuku. Mwendo ni wa siku mbili kasoro, ukienda vizuri. Ndani ya muda huo watu wa behewa moja huwa ndugu. Huombana maji, huachiana watoto, hupeana habari za misiba. Mwenye haraka na apande ndege, uwanja upo.

Sasa reli nyingine inakuja. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ilianza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye kilomita 506, na mwaka 2025 mwingine wa kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Ndoto ya ile barua ya mawe, ya kuziunganisha nchi za maziwa na bahari, sasa inaandikwa upya, na safari hii na wenye nchi.

Jambo hilo ni la kupokelewa kwa mikono miwili. Lakini reli mpya hujenga stesheni mpya. Morogoro imepewa yake Kihonda, na Dodoma imepewa yake Mkonze, mbali na zile za zamani. Treni ikihama, biashara ya kibarazani huhama nayo, na jengo lisilo na kazi huanza kufa kwa njia inayojulikana: kwanza vioo, halafu milango, halafu bati. Mvua za Kigoma hazihitaji miaka mingi kuishinda chokaa.

Wapo wanaodhani kwamba jengo la kale hulindwa na ukale wake. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliyakumbatia moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo huhitaji kutangazwa rasmi na Waziri mwenye dhamana. Kwa hesabu hiyo Boma na stesheni zote za Wajerumani, ikiwamo ya Kigoma, ni vijana mno kwa sheria, ingawa zimepita miaka mia. Kutangaza hakuhitaji fedha nyingi. Huhitaji mtu wa kuandika barua, na wa kuifuatilia barua hiyo ofisini mpaka ijibiwe.

Wengine watauliza kwa nini tuyatunze majengo ya mkoloni. Swali si la kipuuzi, na lingekuwa na nguvu kama jengo lingekuwa la mkoloni kweli. Mjerumani alilitumia kwa muda usiofika miaka mitatu. Mbelgiji alilipita. Mwingereza alilitumia miaka 40 na kidogo. Mwananchi amelitumia miaka 60 na zaidi, na kabla ya hapo ni yeye aliyebeba mawe yake. Orofa ya juu ya jengo hilo ina nafasi ya kutosha kuwekwa vitabu vya zamani vya reli, kengele, taa za mkono, na hasa orodha za wale vijana waliopewa namba. Jina likiwekwa pale pamoja na namba yake na shamba alikopelekwa, mjukuu wa Muheza angekuwa na mahali pa kuanzia kutafuta ukoo wake. Kazi hiyo Mkoa wa Kigoma na Shirika la Reli wanaweza kuianza sasa, wakati treni ya zamani bado inaingia na wazee wanaozikumbuka nyuso bado wapo Kasulu na Mwandiga.

Msomaji atakayependa kwenda kujionea asiende kwa haraka. Achukue treni, si basi, na akae dirishani baada ya Luiche. Akifika, asitoke nje mara moja pamoja na msongamano wa mizigo. Asubiri mpaka wachukuzi wamalize na mikokoteni ya mawese iliyokuwa ikingoja geuzo la treni isogezwe mbele. Ndipo apite chini ya matao, avuke uwanja, ageuke akiwa kwenye kivuli cha mwembe wa kwanza, na alitazame jengo kutoka hapo, saa ya jioni, wakati mwanga wa ziwa unapoupiga ukuta mweupe kwa ubavuni na treni ikiwa bado inapoa nyuma yake.